Mtambo Uliosahau Tarehe

Majengo, Sumbawanga
14 Juni 2009

Baba, shikamoo.

Baridi ya huku inauma, lakini tu wazima. Dawa ya ng'ombe nimeipata, nitashuka nayo Muze Jumamosi.

Hapa kwenye kampuni ya nafaka ninakofanya kazi, mtandao usio na waya ulikuwa unagoma kila asubuhi. Mabosi walishataka kununua mitambo mipya. Akaja fundi kutoka Mbeya. Kabla ya kugusa kompyuta alimwamkia mlinzi, mzee Adriano, akamuuliza anavyofunga ofisi jioni. Mzee akasema huchomoa kila kitu ukutani, asije akaunguza nyumba ya watu. Hakuna aliyewahi kumuuliza.

Basi fundi akaelewa. Programu ya mtambo mkuu ilikuwa na kasoro: ukikosa umeme, unasahau tarehe na kurudi miaka ya nyuma. Vifaa vya darini vinavyorusha mtandao vikiona tarehe hiyo, vinakataa kuungana na mtambo. Akairekebisha programu, akamwambia mzee aendelee kuchomoa kama alivyozoea. Kesho yake mtandao ukafanya kazi, nami nikajivuna kana kwamba nimeutengeneza mimi.

Baba, ulinikataza kulitaja jina lake tangu alipokataa kuolewa, akaenda chuo. Leo naliandika. Fundi ni Rahel, binti yako.

Hajaomba nimsemee. Ameuliza tu kama mgongo wako bado unakusumbua.

Jumamosi tutashuka wawili. Usipoitikia shikamoo yake, na hii yangu hapo juu usiiitikie.

Mwanao,
Ndalahwa