Kikono Kilichogeuzwa

Pematangsiantar, 2 Machi 1993

Kwa Mjomba, Surabaya

Horas, Mjomba. Natumaini u mzima, na goti limetulia tangu mvua zipungue. Sisi huku hatujambo. Mama anakohoa kidogo asubuhi, lakini sauti ya kugombeza kuku bado anayo.

Nina habari mbili. Ya kwanza, wazee wa Binsar Purba, yule mpima chai wa kiwandani kwetu, wamekuja nyumbani, na harusi imepangwa Jumamosi, tarehe 9 Oktoba. Ya pili, nataka kuiwasha becak ya Baba, ile pikipiki yake ya abiria.

Najua unatikisa kichwa. Imekaa bandani miaka tisa, tangu Baba alipoanza kuugua. Kuku wanataga kwenye kigari cha abiria, na juzi nimetoa mayai kumi na moja chini ya kiti. Lakini injini haijafunguliwa na mtu, na kiki ya kuwashia bado inashuka. Siantar nzima ina mafundi wa hizi pikipiki za BSA, ila kila mmoja anasema lake. Wewe umefundisha injini shule ya ufundi miaka thelathini, na kitabu cha pikipiki hii unacho.

Sababu nakwambia wazi. Nataka kukupokea stesheni kwa becak hiyo. Hujakanyaga Siantar miaka kumi na miwili. Baba alipofariki, ulos ya ujane ya Mama, ile shuka ya mila ambayo kaka humfunika dada yake, ilikuja kwa posta, imefungwa karatasi ya kaki, na Mama akaifungua mwenyewe mezani. Ndugu wa kumfunika hakuwepo. Yangu ya harusi sitaki ije kwa posta, Mjomba.

Mama hajui kama nimeandika hivi.

Mpwa wako,
Tiominar


Surabaya, 15 Machi 1993

Kwa mpwa wangu Tiominar

Horas. Barua yako imenikuta salama. Goti halijambo kwenye tambarare, ila ngazi linazigomea. Mwambie mama yako achemshe tangawizi na asikae kwenye moshi. Hongera kwa habari ya Binsar. Mpima chai ni mtu wa makini, na umakini ni nusu ya ndoa.

Sasa injini. Sikiliza polepole, na usiruke hatua hata ukiiona ya kitoto. Injini haihitaji miujiza. Inataka mafuta safi, hewa, na cheche inayoruka wakati wake. Fungua plagi, mimina kijiko kimoja cha oili tunduni, kisha uiache siku tatu. Usiguse kiki. Oili inatakiwa iteremke yenyewe iizunguke pistoni. Wakati unasubiri, vua tanki ulioshe na kokoto ndogo na petroli, ulitikise mpaka kokoto zitoke bila kutu. Kabureta nayo ifunguliwe juu ya sinia jeupe, ili usipoteze kitu.

La mwisho ndilo kubwa. Upande wa kushoto wa usukani kuna wenzo mdogo, wa urefu wa kidole, unaovuta waya. Kazi yake ni kuamua cheche iruke mapema au ichelewe. Injini ikiwa inakwenda, cheche huruka mapema kidogo. Wakati wa kuwasha lazima ichelewe, la sivyo moto unaikuta pistoni bado inapanda, unaisukuma irudi chini, na kiki inakurudia mguuni. Kwa hiyo, kabla ya kupiga kiki, legeza wenzo huo kabisa. Ndivyo kilivyoandika kitabu, ukurasa wa 31.

Kuhusu kuja, tutaliangalia. Safari ya meli ni ndefu.

Mjomba wako,
Mangasi


Pematangsiantar, 19 Aprili 1993

Kwa Mjomba

Horas, Mjomba. Unaendeleaje? Sisi wazima, isipokuwa mguu wa Binsar.

Nilifanya yote bila kuruka. Oili siku tatu, kokoto, sinia jeupe. Kuku nimewahamisha na bado wananinunia. Jana baada ya kanisa, majirani wakakusanyika na viti vyao, Binsar akavua viatu vya kanisani akavaa ndala. Nikalegeza kabisa kile kikono unachokiita wenzo, nikakihakikisha mara mbili. Akapiga kiki. Injini ikatoa mlio mmoja kama mlango wa lori, kiki ikaruka juu, ikampiga kwenye muundi, naye akatua kwenye beseni la Mama la kuanulia mihogo.

Mama akasema, "Hiyo haijamkubali mkwe bado."

Binsar akajibu toka kwenye beseni, "Mama, wazee wangu wamelipa mahari, sinamot yote. Iambie."

Amevimba lakini anacheka. Tulijaribu tena na gunia limefungwa mguuni. Imempiga mara tatu. Nimekosea wapi?

Mpwa wako,
Tiominar


Surabaya, 3 Mei 1993

Kwa mpwa wangu

Horas. Mpe Binsar pole, na akande mguu kwa maji ya chumvi. Mimi sijambo.

Hujalegeza wenzo vya kutosha. Hakuna maelezo mengine. Soma tena aya yangu ya tatu. Waya wa wenzo huo ukilegea, cheche inachelewa, na cheche ikichelewa, injini haiwezi kupiga teke. Hili nimewaeleza wanafunzi kwa miaka thelathini na hakuna injini iliyonibishia.

Kwa kuwa umeitaja ile miaka kumi na miwili, nami nitasema. Unajua mimi kwa baba yako ni nani. Mimi ni upande uliotoa mke, na kwa mila yetu mume wa dada hamjibu kaka wa mke mbele za watu. Siku ile kwenye karamu ya ubatizo nilimwambia, kwa kuusikia mlio tu, kwamba injini yake ameipanga vibaya, nikaeleza kwa nini, kwa utaratibu. Watu walicheka, sikatai. Yeye akasimama akasema, "Mwalimu, kafundishe ubao. Ubao hauna abiria." Nilingoja aje na chakula cha kuombea radhi, kama inavyotakiwa. Miaka sita nilingoja, hakuja, mpaka akatutoka. Mtu akishangojea kiasi hicho, miguu inakuwa mizito.

Legeza wenzo.

Mjomba wako,
Mangasi


Pematangsiantar, 21 Juni 1993

Kwa Mjomba

Horas, Mjomba. Natumaini hujambo. Mama amepona kikohozi. Mguu wa Binsar umepona pia, na nitakueleza kwa nini.

Nilimwita Pak Wagino, fundi mzee wa Kijawa aliyekuwa akikaa na Baba kijiweni sokoni. Akafungua kichwa cha magneto, kile kinachotoa cheche pembeni ya injini, akatazama, akafunga, akaanza kucheka peke yake.

"Nani kakwambia ulegeze?"

"Mjomba. Kitabu."

"Kitabu hakijawahi kubeba mgonjwa," akasema. "Baba yako aligeuza springi. Hapa ukilegeza, cheche inawahi. Ukivuta, inachelewa. Vuta kikono hicho mpaka mwisho, halafu mwite huyo mkwe wa beseni."

Binsar akaja na gunia lake mguuni. Nikavuta kikono. Akapiga kiki mara moja, akafumba macho akingoja teke. Halikuja. Akapiga ya pili, na Mjomba, ikawaka. Moshi wa buluu ukajaza banda, kuku wakapanda juu ya paa, na ule mlio wa taratibu ambao nilikuwa nikiusikia nikiwa darasani, nikajua Baba amerudi kula, ukawa tena uani kwetu. Mama alitoka na upawa mkononi. Akaketi kwenye kigari, mahali pa abiria, akabaki pale mpaka petroli ikaisha.

Kisha akatusimulia, nami naandika kama alivyosema, maana anasema ni wakati ujue.

Mwaka mmoja kabla ya ile karamu, Opung, mama yenu, alizidiwa na pumu kule Parapat. Gari halikupatikana. Baba akampakia kwenye becak, mvua inanyesha, wakaanza kupanda kutoka ziwani kuelekea Aek Nauli. Katikati ya mlima waya wa kikono ukakatika. Wakati ule kilikuwa kama kitabu kinavyotaka, kwa hiyo waya ulipokatika cheche ikachelewa moja kwa moja, injini ikachemka, nguvu ikaisha. Baba alisukuma kilomita mbili, Opung ndani, mpaka wapasua mbao wakamsaidia kufika kileleni. Hospitali walifika, na Opung akapona. Lakini alimwapisha Baba: "Mangasi asijue. Akijua atanihamishia Surabaya, nikafie kwenye joto."

Wiki ile ile Baba aligeuza springi. Ukikatika waya sasa, cheche inabaki mapema, injini inabaki na nguvu zote, mgonjwa anafika. Kuwasha ndiko kunakokuwa kugumu, lakini Baba alisema, kuwasha ni shida ya dereva, kufika ni shida ya abiria.

Ulipomcheka kwenye karamu, Opung alikuwa ameketi meza ya pili. Baba asingeweza kukujibu bila kumsaliti, ndiyo maana akasema neno baya. Na kuja kuomba radhi kungemlazimu kueleza. Opung alifariki huko Parapat mwezi mmoja tu kabla ya Baba, na wakati huo ugonjwa ulikuwa umeshamwondolea Baba sauti.

Mjomba, sikuandikii kukusuta. Becak inawaka. Njoo.

Mpwa wako,
Tiominar


Pematangsiantar, 30 Agosti 1993

Kwa Mjomba

Horas, Mjomba. U mzima? Wiki kumi sijapata jibu. Mama anauliza posta kila Jumatatu, kisha anajifanya alikwenda kununua chumvi. Sasa tuna chumvi ya mwaka mzima.

Kigari kimepakwa rangi nyekundu. Kiti ameshona Mama. Najizoeza kuendesha kila asubuhi kabla ya kazi, na walinzi wa kiwanda wamezoea, hawakimbii tena.

Kama nilikosea kukuandikia yale, nisamehe. Usipokuja, nitakwenda kanisani bila ulos ya mjomba, lakini sitaipokea kwa posta. Hilo nimeamua.

Mpwa wako,
Tiominar


Surabaya, 13 Septemba 1993

Kwa mpwa wangu

Horas. Mimi mzima. Hukukosea.

Nilichukua muda kwa sababu kila barua niliyoanza ilikuwa inaeleza kitu, na safari hii sina cha kueleza.

Meli inatia nanga Belawan tarehe 6 Oktoba. Nitapanda treni ya Medan inayofika Siantar tarehe 7, saa nane mchana. Nina mzigo mmoja, ulos tatu. Mwambie mama yako mojawapo ni yake.

Mjomba wako,
Mangasi


Surabaya, 2 Novemba 1993

Kwa mpwa wangu Tiominar, na kwa mkwe wetu Binsar

Horas, wanangu. Nimefika salama. Goti lilivimba melini, sasa limekwisha. Natumaini nyumba mpya haivuji, na mama yako anawatembelea kidogo kuliko anavyotamani.

Uliniuliza stesheni kwa nini nilikuwa nimeufumbata ule mfuko wa ulos kama mtu anayekaribia kuibiwa. Nilikuwa naogopa. Nilijua nikifika uani nitakutana na macho ya mama yako, na kwa hilo hakuna ukurasa.

Kisha pale kwenye mteremko wa daraja ukasikika mlio kama uzi wa gitaa ukikatika, ukaniambia kwa sauti ya kawaida kabisa, "Mjomba, waya umekatika."

Sijui kama uliniona. Nilikuwa nimeshatoa mguu mmoja nje ya kigari, nijiandae kusukuma, mimi na goti langu. Ukasema, "Kaa. Sitaizima tu mpaka tufike." Na injini haikupungua hata kidogo. Tulipita soko bila kusimama, ukamkatiza askari wa barabarani na mkono ukimwomba radhi, mchungaji akatusalimia nikashindwa hata kuinua kofia, kwa sababu muda wote huo nilikuwa nikisikiliza ule mlio. Mlima wote wa kwenu uliupanda na mzee mzito ndani. Nimeeleza wenzo huo miaka thelathini, na siku hiyo ndiyo ya kwanza nimebebwa nao.

Umeuliza pia nilimwambia nini mama yako nilipomfunika. Nilimwambia, "Nimechelewa, mdogo wangu." Akasema, "Umechelewa kama cheche ya kitabu. Ingia ule." Ndiyo yote. Samaki wa arsik, yule wa viungo, niliyewaletea mimi kwa mila, yeye alikuwa ameshapika wake wawili, kwa kutoniamini.

Kaburini nilikwenda peke yangu asubuhi ya Jumapili. Nilimpelekea shemeji chakula, mimi niliyengoja aniletee. Wazee wa mila wakijua watanisema, kwa hiyo usiwaambie.

Kitabu nakutumia pamoja na barua hii, sikihitaji tena. Ukurasa wa 31 utakuta mwandiko wangu pembeni. Ndani ya bahasha kubwa kuna nyaya mbili mpya, mmoja wa kufunga, mmoja wa akiba chini ya kiti. Usiupime na ule wa dukani. Nimeukata mrefu zaidi kwa sentimita mbili, kwa sababu kwa mpangilio wa baba yako springi inakaa upande wa pili, na wa kawaida usingefika.

Mjomba wako,
Mangasi