Ukurasa wa Kisima

Mtanda, Lindi
Jumapili, baada ya adhuhuri

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta mzima huko Kisiwani, na goti lako limetulia tangu mvua ziishe. Mimi sijambo, nakula, nalala, na homa ya mwezi uliopita imekwisha. Nimeandika kwa herufi kubwa makusudi. Kaka Saidi alinieleza kwamba bado unakwenda kisomo cha watu wazima kila alasiri na umekwisha kumaliza kitabu cha kwanza. Basi barua hii usimpe akusomee. Isome mwenyewe, hata ikichukua siku tatu, maana ina jambo ambalo sitaki lifike barazani kwake.

Unakumbuka Mama mdogo aliponipokea nyumbani kwake nilipochaguliwa kuingia sekondari, aliniomba kitu kimoja tu, nimsaidie binti yake Zuhura masomo. Zuhura yuko darasa la tatu, na mwaka jana alikuwa wa mwisho kabisa. Siku moja tukila, Baba mdogo alisema mbele yetu sote kwamba akishika mkia tena anamtoa shule na kumpeleka kijijini kwa bibi yake, akafukuze ngedere kwenye mahindi. Bibi alikwisha kuambiwa na anamngojea. Zuhura aliendelea kula, lakini nilimwona anameza bila kutafuna.

Mimi sijui kufundisha. Unanijua, hata darasani nikiulizwa swali sauti hainitoki. Nikawaza, huyu mtoto anaweza nini? Chuoni anaweza. Mwalimu wake wa Kurani anamsifu kwamba amehifadhi sura nyingi kuliko watoto wakubwa. Kule mwalimu hutangulia, watoto hufuatisha kwa pamoja, kidole kikipita juu ya mstari, mpaka sura ikae kifuani. Nami nikafanya hivyo hivyo na kitabu chake cha shule. Kila siku baada ya alasiri tulikaa ukumbini, mimi nikasoma, yeye akafuatisha. Alishika upesi mpaka nikashangaa. Mtihani wa muhula ulipofika, wanafunzi walisoma mbele ya mwalimu kutoka kitabu kile kile, wakajibu maswali yake. Zuhura akawa wa sita.

Mama, furaha ya nyumba hii sikujua niiweke wapi. Baba mdogo aliacha kitanda cha mteja alichokuwa anakichonga, akanitengenezea ubao na kuupaka weusi wa betri kuukuu zilizopondwa. Akaanza kuniita Mwalimu. Mwalimu, njoo ule. Mwalimu, umeoga? Akawaahidi majirani wawili kwamba nitawafundisha na watoto wao, bila kuniuliza.

Wiki iliyofuata Zuhura alikuwa anachagua mchele, kitabu kiko wazi mkekani pembeni yake. Aliniomba nimsikilize. Akasoma ukurasa wa wanakijiji wanaochimba kisima, hakukosea popote. Niliinama nitoe chuya kwenye ungo, nikaona kitabu kimefunguliwa penye picha ya trekta.

Nikamuuliza anasoma ukurasa gani.

"Wa kisima."

"Kisima kiko wapi hapo?"

Akatazama trekta, akanitazama mimi. "Dada, uliniambia nisome. Hukuniambia niangalie."

Nikamfungulia ukurasa wenyewe, nikaweka kidole juu ya neno "maji" na kumuuliza ni neno gani. Akarudi juu kabisa, akaanza kushuka polepole, midomo ikicheza, mpaka akafika pale. Maji, akasema. Nikamwonyesha neno jingine, akarudi tena mwanzo. Nikaandika "maji" peke yake ubaoni, akalitazama kama hajawahi kukutana nalo.

Basi nikuandikie waziwazi, Mama. Zuhura hajui kusoma.

Na aliyemfanya hivyo ni mimi. Au alikuwa hivyo tangu mwanzo, mimi nikamfunika tu? Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Nilimweleza Mama mdogo jikoni akiwa anakuna nazi. Hakuacha kukuna.

"Alama zile ameandika mwalimu wake au umeandika wewe?"

Nikasema mwalimu.

"Basi nyamaza, mwanangu. Unataka akafukuze ngedere?"

Nikanyamaza. Lakini mtihani wa mwisho wa mwaka watapewa habari ambayo hawajapata kuiona. Nikimwambia Baba mdogo, Zuhura anaondoka sasa. Nisipomwambia, anaondoka mwisho wa mwaka, na Baba mdogo atajua kwamba nilijua.

Liko na jingine, usinikasirikie. Likizo iliyopita nilikusikia ukisoma kitabu cha kisomo, macho yako yako kwenye samaki juu ya makaa. Hukukosea hata neno. Nilifurahi sana siku ile. Sasa sijui nilifurahia nini. Je, iko siku maneno yalianza kukujibu yenyewe? Ulifanyaje? Mimi kwa wiki tatu sasa namwandikia Zuhura ubaoni ma, me, mi, na majina ya vitu vya humu ndani, na sioni kama vinaingia. Ananuna. Anasema hayo ni ya watoto wadogo, yeye anataka kisima. Jana aliniuliza kwa nini nimemnyang'anya kitu anachokiweza.

Mama, nilipofika hapo juu niliiacha barua mkekani nikaenda kuteka maji. Niliporudi nilimkuta Zuhura amepiga magoti juu yake, kidole kiko kwenye mstari, analia.

"Umemwambia mama mkubwa," akasema. "Umemwambia Zu-hu-ra ha-ju-i ku-so-ma."

Barua hii hakuna aliyemsomea. Nilikaa chini na ndoo yangu.

Baba mdogo alisikia kilio, akaja na randa mkononi, akauliza ni nani hajui kusoma. Zuhura akajibu, "Mimi. Imeandikwa hapa." Akamwonyesha, akamsomea silabi moja moja huku anajifuta kamasi. Ndipo nikamweleza Baba mdogo yote, kisima na trekta, na sauti ikanitoka. Akaiweka randa sakafuni. Kisha akamtaka Zuhura asome mstari mwingine. Alikwama mara tatu, na "alasiri" ikamshinda kabisa. Baba yake hakumsaidia, alingoja tu.

"Bibi yake atafute mtu mwingine wa ngedere," akasema, akarudi kwenye mbao zake.

Tangu hapo hajaniita Mwalimu. Sijui amekasirika au anawaza. Na mtihani uko pale pale.

Nisalimie baba, mwambie viatu bado vinanitosha. Nisalimie bibi, na shangazi wa Masoko akivuka kuja kwenu, na kaka Saidi ambaye nimemwondolea kazi yake. Mama mdogo anakusalimu sana. Majibu uniandikie kwa mkono wako, hata mistari miwili.

Nilitaka kuifuta ile sentensi. Zuhura amekataa. Anasema iende hivyo hivyo, ni yake, na ukifika pale uisome kwa sauti.

Mwanao akupendaye,
Mwanaisha