Maua ya Bibi Yanalala Upande Mwingine

Jumamosi, baada ya Alasiri. Vuli imeshika, mvua haijakata tangu asubuhi, na nguo nilizoanika ukumbini zimeanza kunuka uvundo. Nimerudi kutoka Wambaa nimelowa chapachapa. Nimechemsha chai ya rangi ya watu wawili kwa mazoea, nikainywa yote peke yangu. Sina raha leo, na sina wa kumwambia, ndiyo maana nakuandikia wewe, ukurasa usiojibu.

Kwa mpita njia aliyeangukia ukurasa huu: nafanya kazi ofisini Mkoani, naishi peke yangu katika nyumba ya marehemu bibi yangu, mama mzaa baba, na huu ni mwezi wa nne najaribu kulifuma upya blanketi lake. Lilikuwa la sufu nyekundu na nyeupe, maua matupu, yameungwa moja moja. Hakuacha kielelezo. Ufumaji wake wote ulikuwa kichwani mwake. Mimi kufuma nimejifunza kwenye simu, kwa mwanamke mmoja wa kigeni ambaye simwelewi neno lolote ila naielewa mikono yake.

Bibi alipofariki nilikuwa Unguja, chuoni. Maiti haingoji boti. Niliposhuka bandarini siku ya pili, alikuwa ameshazikwa. Baada ya khitma shangazi zangu wakazigawa nguo zake sadaka, kama ilivyo ada yetu, na blanketi wakampa Bi Raya wa Wambaa, ndiye aliyemkosha na kumvisha sanda.

Nilikuwa nimekaa palepale mkekani. Ningesema tu, hilo nibakishieni, wangenibakishia. Sikusema. Niliona aliyechelewa mazishi hana uso wa kudai blanketi.

Kwa hiyo nilichobaki nacho ni picha moja ya Sikukuu. Binamu yangu kajipiga mwenyewe, mdomo mbele, na nyuma yake bibi amekaa, blanketi miguuni. Nimeikuza picha ile mpaka ikawa madoa matupu. Nimeshafuma maua hamsini na mawili. Ukubwa ndio, rangi inakaribia. Lakini yangu yanalala upande mmoja na ya bibi yanalala upande mwingine. Nikajiambia ni simu hiyo, picha za kujipiga hugeuka. Mtu akitaka kujidanganya hakosi sababu.

Jana ndipo nilipoyaona maandishi ya kanga aliyojitanda bibi. Yanasomeka sawasawa, kutoka kushoto kwenda kulia. Simu haikugeuza kitu. Miezi minne nimefuma kinyume.

Basi leo nikapanda bodaboda kwenda Wambaa. Nilimwambia Bi Raya nimekuja kuliangalia blanketi tu. Hapa kwako niseme kweli: nilikwenda nikiomba moyoni aniambie chukua. Najua sadaka hairudishwi. Nilikwenda hivyohivyo.

Alinikaribisha vizuri, akanipa muhogo wa nazi, akaniuliza habari za shangazi mmoja mmoja. Blanketi lilikuwa kitandani, limemfunika mjukuu wake mchanga, hata arubaini hajatimiza. Bi Raya akaninyanyulia pembe moja polepole, mtoto asiamke. Nikalitoa ua langu kwenye mkoba, nikaliweka kando ya la bibi. Kama mtu na jirani yake waliogombana.

Bi Raya akatazama, akacheka kidogo.

"Weye wafuma kwa kulia, mwanangu. Bibiyo mashoto yule."

Nikamwambia haiwezekani. Bibi huyuhuyu alikuwa akinichapa kofi mkononi nikipokea hata tende kwa kushoto.

"Kula kala kwa kulia, kama alivofunzwa. Sindano kashika kwa shoto. Miye ndo n'lomkosha. Sugu ya sindano iko kidole cha shoto. Si aibu ya maiti hiyo, ndo maana nakwambia."

Nimeishi na bibi tangu darasa la kwanza mpaka kidato cha nne. Nimemchotea maji, nimemsomea barua za baba, nimelala kitanda kimoja naye. Na mkono aliofumia nimekuja kuujua kwa mkosha maiti.

Blanketi hakunipa. Nilisimama mlangoni zaidi ya inavyopasa, nikavaa viatu taratibu sana, naye akaniombea dua na kunisukumizia mihogo miwili mibichi ya kwenda kupika. Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hasira. Hasira na nani? Na mtoto wa wiki tatu. Nimeona haya kuandika hivyo lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilipofika sikubadili hata nguo. Nimekaa ukumbini, nikaihamishia sindano mkono wa kushoto. Kitanzi cha kwanza kilitoka kikubwa cha kupita dole gumba. Uzi ukaniponyoka, nikaanza tena, nikaponyokwa tena. Ua moja limenichukua muda wote tangu Adhuhuri, na limepinda vibaya mno.

Lakini limelala upande wa bibi.

Yale hamsini na mawili nitayafumua. Nitaanza leo baada ya Magharibi, na sitaki kujihurumia. Uzi ni uleule, mkono ndio utakaojifunza.

Kinachoniuma si kazi hiyo. Ni kwamba sasa nimekumbuka kitu, na nilikuwa nikikijua siku zote. Kila mtu akibisha hodi, bibi alikuwa akiisukuma kazi yake chini ya mto kabla ya kuitikia. Nilikuwa nikiuona uzi mwekundu ukichungulia. Nilidhani anaogopa husuda ya watu. Na kila nikimwomba anifundishe kufuma alikuwa akisema amechoka, kesho, nami nikaacha kuomba.

Aliona haya kwa mkono wake. Nani alimtia haya hiyo, na kwa fimbo ngapi, hakuna aliyebaki wa kuniambia.

Nimekaa hapa nawahesabu wageni wa nyumba hii miaka ile. Walikuwa wachache sana. Hodi nyingi zilikuwa zangu, nikirudi kutoka skuli.