Kiwiko cha Lowell

Marlow, Iowa
Juni 11, 1951

Kaka yangu Orville,

Nakusalimu mapema kabla sijasahau, maana nikishika kalamu huwa natumbukia kwenye maneno moja kwa moja. Hujambo? Mguu unaendeleaje? Ngano imeanza kugeuka rangi? Mimi ni mzima, ila magoti yananilalamikia nikipanda ngazi.

Mwanao anakula. Tangu timu yetu ya besiboli, Korongo, imlete mjini, nami nikampa chumba cha nyuma, mkate haulali humu ndani. Barabarani anasalimiwa na watu wasiomjua. Jumanne iliyopita aliwarushia mpira wapigaji kumi na mmoja wakatoka bila hata kuugusa, na Delores Amundsen, jirani yangu wa benchi uwanjani miaka kumi na minne sasa, alimfokea mwamuzi mpaka sauti ikamkauka. "Mwamuzi, hiyo miwani uliyomwazima mkeo mwambie akurudishie!" Mwamuzi akageuka, akamwambia, "Mama, mke wangu ndiye aliyenileta huku nipumzike na kelele." Tulicheka jukwaa zima.

Sasa nikwambie lililonifanya nikuandikie. Jana asubuhi nimeshuka jikoni nikamkuta Lowell amezamisha mkono wa kulia kwenye ndoo ya barafu, meno yanagongana. Nikamuuliza, "We mtoto, kulikoni?" Akasema, "Uchovu tu, shangazi." Lakini kahawa aliinywa kwa mkono wa kushoto, na kile kiwiko kimevimba, nimekiona kwa macho yangu. Ameniapisha nisikwambie wewe wala kocha Pruitt. Nimeapa, na leo nakwambia, Mungu anisamehe. Kocha akijua atampumzisha, na mrushaji wa timu ndogo kama hii akipumzishwa Juni, Julai yuko kwao. Kijana analijua hilo. Nifanyeje, kaka?

Dada yako,
Verna


Nebraska
Juni 16, 1951

Dada Verna,

Nashukuru kusikia u mzima. Sisi huku hatujambo. Mguu bado nauburuta, na mvua ya mawe imetupita kando, ikaangukia shamba la jirani yetu Stokke.

Barua yako nimeisoma nikiwa nimesimama mlangoni kwa Stokke, maana duka lake ndilo posta yetu. Kiwiko hicho nakijua. Pasaka alipokuja nyumbani alishindwa kuinua ndoo ya maziwa kwa mkono ule, nikajidanganya kwamba ni baridi. Nilitaka acheze, Verna. Nilikuwa natamani kumsikia anatajwa.

Mwambie kocha. Kiapo chako nakivunja mimi, baba yake, na akikasirika anikasirikie mimi. Ningemwandikia Pruitt mwenyewe, lakini barua ya baba ikifika kule wenzake watamcheka, watamwita kitoto. Simu iko dukani tu, na ukiongea pale umeongea na kaunti nzima. Wewe uko pale kila mchezo, na Pruitt unasalimiana naye. Ni neno moja tu. Mwambie kabla Lowell hajarusha tena. Mkono ule atauhitaji maisha yake yote, aje acheze mpira au aje alime.

Kaka yako,
Orville


Marlow
Juni 22, 1951

Orville,

Nakusalimu, ila leo sina nguvu ya kuuliza habari.

Barua yako ilifika juzi Jumatano. Jana jioni Lowell alikuwa anarusha. Nilikwenda mapema, milango ndiyo kwanza inafunguliwa. Mvua ilikuwa imenyesha mchana, nikamkuta Pruitt na vijana wake wanamwaga mchanga kwenye matope. Nikamwambia, "Bwana Pruitt, nina neno na wewe." Akasema, "Baada ya zamu ya kwanza, Bi Verna, nikishatoka kwenye tope hili." Nikaenda kukaa. Zamu ya kwanza ikaisha, Lowell akatoka anacheka. Nikasema moyoni, acha apate na ya pili. Hapo ndipo nilipokosea.

Kufika mwisho wa zamu ya nne, wageni walikuwa hawajampiga mpira hata mmoja wa kumfikisha mtu kituo cha kwanza. Unajua hali hiyo ilivyo. Ubao unaonyesha sifuri, kila mtu anaiona, na hakuna anayeitaja, maana ukitaja umeharibu. Wenzake wakamwachia upande mzima wa benchi, akakaa peke yake kama mwenye ndui. Muuza karanga akaacha kuita. Delores alikuwa amebanwa na haja tangu zamu ya tatu, na hakuthubutu kuinuka. Mrushaji wa Marlow kumaliza zamu zote tisa za mchezo namna hiyo mara ya mwisho ilikuwa kabla sijaolewa.

Zamu ya sita nikaona. Kila akitupa kisogo alikuwa anakung'uta vidole, halafu anajifanya anafuta jasho kwenye suruali. Niliona peke yangu kwa sababu nilijua peke yangu. Alipotoka nikasimama, nikaenda mpaka kwenye uzio. Pruitt alikuwa hatua nne kutoka nilipo. Lowell akainua macho akanitazama.

Delores akanivuta sketi. "Verna, kaa. Ukimsemesha mtu pale saa hizi, mji huu hautakusamehe."

Nikamwambia, "Delores, ni jambo la muhimu."

"Basi litakuwa la muhimu hata baada ya zamu ya tisa." Na mwanamume mmoja nyuma yetu akasema, "Kaa chini mama, utamroga kijana."

Nikakaa. Niliogopa, Orville. Ningesema niliwaogopa watu, lakini nisikudanganye, na mimi niliamini. Nilifikiri nikifungua mdomo, na yule anayefuata akaupiga mpira, basi nitakuwa mimi niliyemharibia mtoto wa kaka yangu jioni yake kubwa. Mwanamke wa miaka hamsini na sita.

Zamu ya saba, wawili wameshatoka, akarusha mpira ukaenda juu kabisa ya kichwa cha mdakaji, ukagonga wavu. Hakupiga kelele. Alibaki anautazama mkono wake, nao unaning'inia. Watu elfu mbili kimya, na hata hapo hakuna aliyesema kitu.

Daktari anasema kano imekatika na hajui mtu wa kuirudisha. Timu imeshamwandikia karatasi ya kuondoka. Keshokutwa anapanda treni ya kuja kwako. Nimemfungia mizigo, na mashati nimempigia pasi yote, kwa sababu sikujua kingine cha kufanya. Hajanilaumu. Hajui kama nilikuwa na neno lako mfukoni.

Nimekosa, kaka.

Dada yako,
Verna


Nebraska
Julai 19, 1951

Dada Verna,

Natumaini barua hii inakukuta na afya. Nimechelewa kujibu. Nilitaka kukwambia ni mavuno, lakini mavuno yameanza wiki iliyopita tu. Sikujua niandike nini.

Lowell yupo. Anaendesha trekta kwa mkono wa kushoto, na wa kulia anauweka mapajani. Haongei sana. Jumapili mezani nikaona si haki akufikirie vibaya au asikufikirie kabisa, nikamweleza kwamba mimi ndiye niliyekutuma kwa Pruitt.

Akaweka kijiko chini. "Kumbe alikuwa amekuja kusema?"

Nikamwambia ndiyo.

Akasema, "Nilimwona amesimama pale kwenye uzio, Baba. Mkono ulikuwa umeshakwisha tangu zamu ya tano. Mimi nisingeweza kutoka mwenyewe, watu wote wale wamenyamaza kwa ajili yangu. Nikawa namwomba moyoni, shangazi sema, sema tu. Halafu akakaa."

Kisha akaomba viazi.

Sikulaumu, dada. Nimekuandikia kwa sababu neno hili limenilemea, na sina mtu mwingine wa kumpelekea.

Kaka yako,
Orville


Nebraska
Agosti 27, 1951

Dada yangu Verna,

Hujambo? Naomba uwe hujambo. Hii ni barua ya tatu kuanzia ile ya Julai na hujajibu hata moja. Nimemwandikia Delores, akanijibu kwamba hujakanyaga uwanjani tangu Julai, na mtu akibisha hodi unamwambia u mzima huku mlango umefungwa.

Sikupaswa kukuandikia yale maneno ya Lowell. Nilijua palepale. Stokke alikuwa bado hajafunga mfuko wa posta, barua yangu naiona juu ya nyingine, na ningeweza kumwambia anirudishie. Palikuwa na watu dukani, nikaona haya. Nikanunua misumari nisiyoihitaji nikaondoka.

Hasira hatuna, si mimi wala yeye. Nilipomsomea majibu ya Delores, Lowell aliinuka, akaenda kutafuta sanduku. Hakuniomba ruhusa. Leo asubuhi nimempeleka stesheni kwa gari. Atafika hapo kabla ya barua hii, kwa hiyo hata nikikuomba umfungulie mlango, nakuomba nikiwa nimeshachelewa.

Kaka yako,
Orville