Laini Tatu Dunga

Jumapili, 10 Aprili

Nimetoka kanisani na hasira, Mungu anisamehe. MCA wetu Ogola, mwakilishi wa wadi, amepewa maiki tena! Ati mabanda yetu ya kukaangia samaki yanachafua ufuo, hoteli inakuja, tutatafutiwa kwingine. Kwingine wapi? Banda langu ndilo limesomesha binti yangu Winny. Na Ogola akishinda mchujo wa chama Jumanne ya tarehe 19, ameshinda yote. Huku kwetu tiketi ya chama ndiyo kura.

Wanaompinga ni wawili. Lornah, tunayekaanga naye bega kwa bega, na Sydney wa wavuvi. Wote wanataka mabanda yabaki. Wote! Sasa si mmoja amwachie mwenzake?

Alhamisi, 14 Aprili

Tumewakalisha chini bandani kwangu, samaki nikawawekea. Kazi bure. Sydney anasema Lornah ni nyar Muhoroni, binti wa watu wa miwa, ameolewa tu hapa, aende akaombe kura kwao. Lornah naye akamuuliza: mwanaume wa miaka arobaini ambaye bado analala simba, kile kibanda cha vijana bomani kwa babake, hajajijengea hata jiko, atamjengea nani soko? Yawa! Sydney akanawa mikono akaenda zake. Samaki hakugusa.

Mimi pia nimeolewa hapa. Lile neno lilinichoma mpaka ndani. Nikaapa mbele ya wanawake wote: siku ya kura, nyuma ya Lornah, wa kwanza ni mimi.

Jumatatu, 18 Aprili

Ogola amepita sokoni anacheka. Ati tusigombane, wote ni watoto wake. Shenzi.

Jumanne, 19 Aprili

Naandika kwa simu, niko laini. Kura ni ya mlolongo — unasimama nyuma ya mtu wako, mnahesabiwa. Laini ya Ogola ndefu. Ya Sydney inaifuata karibu. Yetu ndiyo fupi, wanawake watupu, leso zinanuka mafuta. Hata mtoto anaona: sisi tukihamia kwa Sydney, Ogola kwisha! Agneta nyuma yangu ananong'ona twende. Wote wananingoja mimi, kwa sababu niliapa. Na yule Sydney hata hatuangalii, kichwa ngumu. Nimpe kura mtu anayetuambia turudi kwetu?

Karani ameanza kuhesabu upande wa Ogola. Lornah hageuki. Ameuliza tu, "Dorca, uko?"

Nimemwambia niko.

Mguu mmoja uko nje ya laini.