Uliza Kwanza Mtumbwi Uko kwa Nani

Bibi yangu wa Kanazi,

Barua haifiki uliko, lakini habari hii siwezi kumpa mtu mwingine kabla yako: jana nilishinda.

Unaukumbuka ule mtumbwi wa mti, wa kukamulia ndizi za rubisi, pombe yetu, ulioazimwa na majirani wote? Wewe peke yako ulijua uko kwa nani. Siku ile mama mdogo aliponituma kwako nijue uko wapi, niliona aibu kuuliza. Nikawaongoza wajomba hadi kwa jirani nilikouona wiki iliyotangulia, tukakuta nyasi tu, zimelala pale ulipokuwa. Ulicheka mpaka ukaketi, ukaniambia:

"Umeenda kwenye alama yake, waitu, mjukuu wangu. Kila ukiuhitaji, uliza upya. Ukiwa haupo, subiri. Ukimaliza, nijulishe."

Sasa mimi ni karani Bukoba, katika ofisi inayopeleka dawa wilayani na visiwani. Programu yetu ya kompyuta, iliyoandikwa kwa lugha ya Java, imegawanywa katika vipande viitwavyo moduli: moja hupokea maombi ya Muleba, nyingine ya kisiwa cha Goziba, nyingine hupanga mzigo. Zote hutegemea huduma moja ya pamoja, yaani orodha ya dawa zilizomo ghalani. Ya Goziba niliiandika mimi. Kila orodha ilipozimwa kurekebishwa na kuwashwa tena kwenye anwani nyingine, moduli yangu ilikwama, boti ikasubiri. Mkuu wangu alikuwa akiuliza mbele ya wote, "Msomi, kisiwa chako kimelala tena?" Wiki iliyopita akaniambia taratibu kwamba ikikwama mara moja zaidi, ofisi itarudi kwenye karatasi na mimi nitarudi nyumbani.

Nilisoma kazi yangu mstari kwa mstari, mpaka nikaziona zile nyasi. Moduli yangu iliuliza mara moja tu, ilipowashwa asubuhi, kisha ikawa inakwenda palepale hata orodha ilipokwisha kuhama. Nikaiandika upya. Kila ombi likija, iulize kwanza rejista ya huduma, inayojua kila huduma iko wapi, orodha iko wapi sasa. Isipokuwepo, isubiri. Ikimaliza, iiachie.

Jana mkuu aliizima orodha makusudi, katikati ya maombi ya Goziba, akaniangalia. Nikashika ukingo wa meza. Moduli ikasubiri. Alipoiwasha, maombi yakaendelea moja baada ya jingine, karatasi ya mzigo ikatoka, na boti ikaondoka kwa saa yake.

"Nani alikufundisha?"

"Bibi yangu," nikasema. "Hakuwahi kugusa kompyuta."

Hofu bado ninayo, Bibi, ila leo nimemuuliza mkuu maswali matatu kabla ya chai. Pumzika kibanjani, kati ya migomba yako. Jumapili nakuja kukamua rubisi. Siku hizi mama mdogo ndiye anayejua mtumbwi uko kwa nani, na nitapita kwake kwanza.

Mjukuu wako, yule mwoga