Wagonjwa Wawili, Mlango Mmoja

Mwenzangu, nimechoka. Niko kwenye ngazi za hospitali, kompyuta mapajani.

Unakumbuka ule mfumo wa kupangia wagonjwa chumba cha upasuaji, niliojisifu kwamba nimeuongezea kasi? Leo saa mbili asubuhi wagonjwa wawili wamefikishwa kwenye mlango mmoja. Wawili! Kitanda kwa kitanda, wote hawajala tangu jana.

Mmoja ni shangazi yangu.

Kosa ni langu. Zamani karani mmoja akianza kupanga, hifadhidata ilimsubirisha mwenzake mpaka wa kwanza amalize. Wakalalamika kwamba inawachelewesha, nami nikaondoa huko kusubirishana. Basi wiki iliyopita makarani wawili wakafungua ratiba kwa wakati mmoja. Kila mmoja akaiona saa mbili ya leo iko wazi. Kila mmoja akamwandika mgonjwa wake. Hakuna aliyeona alichoandika mwenzake!

Daktari akauliza mbele ya watu, "Nani katengeneza kitu hiki?"

Shangazi akaniwahi kujibu: "Huyu hapa. Ni wa kwetu."

Wa kwetu! Nilitamani ardhi inimeze.

Kisha akamtazama yule mzee wa kitanda cha pili, akasema, "Mtangulizeni yeye. Mimi nitasubiri." Basi, mambo yakanyooka. Nitasubiri! Ndicho kitu nilichokifuta mimi.

Nimekirudisha hapahapa ngazini. Hata kompyuta sijafunga, karani kapiga simu: "Fundi, mbona mfumo umekuwa mzito tena?"